Kwa nini hata gari la 4x4 hukwama kwenye tope la mbuga Simiyu?

Mvua zikikolea Simiyu, picha ni ile ile: gari limezama hadi ekseli, tairi moja linazunguka kwa kasi na kurusha tope, la upande wa pili limetulia tuli. Dereva anazidi kukanyaga mafuta, gari linazidi kuzama. Mara nyingi tatizo si injini. Ni difu.

Udongo wenyewe

Ukiacha lami ya Lamadi–Bariadi–Maswa na kuingia barabara za vijijini Itilima, Meatu au Busega, sehemu nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, maarufu kama udongo wa mbuga. Ndio huo huo unaolimwa pamba. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Ukilowa huvimba, huteleza na kunata. Tope likijaza meno ya tairi, hata tairi jipya linakuwa kama kipara.

Difu inafanya nini?

Gari likikata kona, tairi la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Difu huruhusu matairi hayo mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, huku ikiyapa nguvu sawa.

Kwenye lami hilo ni jambo zuri. Kwenye tope ni balaa. Tairi linaloteleza halina kinachalizuia, hivyo linahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka. Kwa kuwa mgao ni sawa, tairi lililo pakavu nalo linapata kidogo hicho hicho, na hakitoshi kusukuma gari.

Mbona 4x4 nayo inakwama?

Kwenye magari kama Land Cruiser "mkonga", kuweka 4x4 huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Lakini kila ekseli bado ina difu yake. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, gari linabaki pale pale.

Dawa ni loki ya difu. Ikiwashwa, matairi mawili ya ekseli moja hulazimika kuzunguka kwa kasi moja, na lililo pagumu hupata nguvu ya kuvuta. Magari mengi ya kisasa hutumia njia nyingine: kompyuta hubana breki ya tairi linaloteleza ili nguvu iende upande wa pili.

Dereva afanye nini?

- Aweke 4x4 kabla ya kuingia kwenye tope. Gari lenye habu za kufunga kwa mkono, azifunge kwanza.
- Atumie giya nzito (4L) na mwendo wa taratibu, bila kukanyaga na kuachia mafuta ghafla.
- Tairi likianza kuchimba, aache mafuta mara moja. Ajaribu kurudi nyuma kwenye njia aliyojia.
- Achimbue tope mbele ya matairi, aweke mawe, matawi au mbao.
- Apunguze upepo, kwa mfano kutoka PSI 35 hadi 20, ili tairi litandike. Aujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi.
- Loki aiwashe gari likiwa limesimama au linatambaa, na aizime akishatoka. Kwenye lami inafanya usukani ugome na inaweza kuharibu ekseli.
- Gari likivutwa kwa kamba au mnyororo, watu wakae mbali. Ikikatika inaweza kuua.

Mto ukijaa

Hapa hakuna loki wala 4L itakayosaidia. Maji yanayokwenda kasi yanaweza kuliinua gari na kuondoka nalo, na tairi lisilogusa ardhi halina kazi. Ni kusubiri yapungue.

Kwa gari linalobeba mgonjwa kutoka kijijini kwenda hospitali Bariadi, saa mbili za kukwama si jambo dogo. Ndiyo maana loki inafaa kujaribiwa kwenye udongo kabla ya masika: iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kugoma siku inayohitajika.