Kufuli la RNA, kutoka E. coli hadi kikaratasi cha Zika

Kwa miaka mingi, aliyetaka kuitawala jeni ya bakteria alianzia kwenye DNA: aiwashe au aizime kabla nakala yake ya RNA haijatoka. Bakteria wenyewe walikuwa na njia nyingine pia. Mwaka 1984 Mizuno, Chou na Inouye, wakiwa Stony Brook, New York, walieleza kipande kifupi cha RNA ndani ya E. coli, micF, kinachojibandika kwenye RNA yenye maelekezo ya protini OmpF. Kikishajibandika, ribosomu, yaani mtambo wa kutengeneza protini, haipati pa kutua, na protini haitengenezwi.

Kuiga ujanja huo kulichukua miaka ishirini. Mwaka 2004 Farren Isaacs, James Collins na wenzao wa Chuo Kikuu cha Boston walitunga RNA inayojikunja na kufunika mahali pa kutua ribosomu. Hilo ndilo kufuli. RNA ndogo ya pili, ufunguo, ililikunjua. Ilifanya kazi, ila kufuli lilipaswa kushikana na herufi zilezile za kutulia ribosomu, hivyo mtungaji hakuwa na uhuru wa kuchagua ufunguo autakao.

Mwaka 2014 Alexander Green, Peng Yin na wenzao, Collins akiwemo, walilimaliza tatizo hilo kule Harvard. Waliacha mahali pa kutua pakiwa wazi kwenye kitanzi, wakabana eneo la herufi za kuanzia, AUG, kisha wakaacha mkia mrefu mbele. Ufunguo hushika mkia kwanza, ndipo huvuta na kukunjua. Sasa karibu RNA yoyote ingeweza kuwa ufunguo, hata ya virusi. Swichi zao bora, yaani makufuli hayo mapya, zilipandisha protini kwa wastani wa zaidi ya mara 400.

Mwaka huohuo Keith Pardee na wenzake walikausha swichi hizo kwenye karatasi, pamoja na mitambo ya seli isiyo na seli hai. Mwaka 2016 karatasi hiyo iligeuka kutoka njano kuwa zambarau kwa plazma ya nyani wa rhesus mwenye kirusi cha Zika. Nyani wa aina hiyohiyo ndiye aliyetoa kirusi hicho mara ya kwanza, mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda.

Lakini anayesifu karatasi peke yake ameruka hatua: virusi kwenye damu ni vichache mno kwa swichi, hivyo RNA yake ilibidi izidishwe kwanza.