Taa za Wrigley Field: Jinsi Mtaa wa Chicago Ulivyopigania Maegesho Yake

Mwaka 1914 mfanyabiashara wa migahawa aitwaye Charles Weeghman alijenga uwanja wa besiboli upande wa kaskazini wa jiji la Chicago, mahali ambapo hapo awali palikuwa na chuo cha wachungaji wa Kilutheri. Kiwanja hicho kilizungukwa na barabara nne, yaani Clark, Addison, Waveland na Sheffield, na ng'ambo yake zilikuwapo nyumba za watu. Uwanja ulichukua watazamaji wapatao 14,000, na wengi wao hawakuwa na gari. Walifika kwa tramu zilizopita Clark, au kwa treni ya reli ya juu iliyokuwa na kituo Addison tangu mwaka 1900, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuuzungushia uwanja eneo pana la maegesho, na baadaye, magari yalipokuja kwa wingi, ardhi ya kufanya hivyo haikuwapo tena.

Klabu ya Cubs ilihamia hapo mwaka 1916, na miaka kumi baadaye uwanja ukaitwa Wrigley Field, kwa jina la mmiliki wa klabu, William Wrigley Jr., aliyetajirika kwa kutengeneza chingamu. Leo ni uwanja wa pili kwa ukongwe katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ukitanguliwa na Fenway Park wa Boston uliofunguliwa mwaka 1912. Mgogoro wake mkubwa na majirani hukumbukwa kama mgogoro wa taa, yaani kama mechi zichezwe usiku au la. Tukiufuata mwaka baada ya mwaka, tutaona kwamba taa zilibeba ndani yake swali jingine: siku ya mechi kubwa, nani ana haki ya kuegesha mtaani, na nani aamue?

Ili kulielewa swali hilo, ni lazima kwanza tuuelewe mtaa wenyewe. Sehemu hiyo ya Lake View, eneo la jiji lenye uwanja huo, ilijengwa kabla gari halijawa chombo cha kila familia. Nyumba zake nyingi ni za ghorofa mbili au tatu, kila ghorofa ikiwa makazi ya familia moja, na zimesimama katika viwanja vyembamba. Nyuma ya nyumba hupita uchochoro wenye gereji, lakini gereji hizo hazitoshi. Nyumba ya familia tatu yaweza kuwa na magari matatu, ilhali upande wake wa barabara unatosha gari moja au mawili tu. Hivyo ukingo wa barabara uligeuka kuwa gereji ya mtaa mzima, na upungufu ulikuwapo hata siku ambazo hapakuwa na mechi.

Hata hivyo, kwa miongo mingi upungufu huo haukuzaa ugomvi mkubwa, na sababu kuu ni saa za mchezo. Cubs walicheza nyumbani mchana. Mkaazi aliyekuwa na kazi aliondoka na gari lake asubuhi, shabiki akafika adhuhuri na kuegesha, kisha akaondoka jioni mkaazi alipokuwa akirejea. Nafasi ile ile iliwahudumia watu wawili kwa zamu. Isitoshe, mashabiki hawakuwa wengi, kwa kuwa msimu mzima wa mwaka 1966 ulileta watazamaji 635,891 tu. Baadhi ya wenyeji hata walijipatia kipato siku za mechi kwa kukodisha gereji na nyua zao kwa wenye magari.

Kwa nini basi mechi zilibaki za mchana, wakati ligi yote ilikuwa ikielekea usiku? Mechi ya kwanza ya usiku katika ligi kuu ilichezwa Cincinnati mwaka 1935, na kufikia mwaka 1948 klabu nyingine zote zilikuwa na taa. Maelezo ya kwanza ni vita. Philip K. Wrigley, aliyerithi klabu kutoka kwa baba yake, alikwisha kuandaa vifaa vya taa kwa msimu wa mwaka 1942, lakini mara baada ya shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941 alivitoa kwa ajili ya jeshi. Maelezo ya pili ni imani yake mwenyewe, kwamba besiboli ni mchezo wa juani na kwamba uwanja ulio katikati ya nyumba unapaswa kuwaheshimu majirani. Vita vinaeleza mwaka 1942, lakini haviwezi kueleza miaka zaidi ya thelathini iliyofuata. Tena mwezi Julai 1943 ligi ya wanawake, aliyoianzisha Wrigley huyo huyo, ilicheza hapo usiku kwa taa za muda. Ufundi haukuwa kikwazo, na kwa hiyo maelezo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi.

Katika miaka ya 1970 mambo mawili yalibadilika kwa wakati mmoja. La kwanza ni mtaa: vijana wenye elimu na mishahara mizuri walianza kuhamia Lake View, wakazikarabati nyumba za zamani na kuja na magari yao. La pili ni sheria. Kaunti ya Arlington, katika jimbo la Virginia, ilikuwa imewapa wakaazi wa mtaa mmoja vibali vya kuegesha, ili wafanyakazi wa ofisi za jirani wasijaze barabara zao kila siku. Wafanyakazi hao walishtaki wakidai kuwa wanabaguliwa, kwa kuwa barabara ni mali ya umma. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Katiba haikatazi mpango huo, kwa sababu kupunguza kelele, moshi na msongamano katika makazi ni lengo halali la serikali. Uamuzi huo ulikuwa mfupi, lakini uliziwezesha serikali za miji kote Marekani kuigawa barabara kati ya mkaazi na mgeni bila hofu ya kushindwa mahakamani.

Mwaka 1981 familia ya Wrigley iliiuza klabu kwa kampuni ya Tribune, na wamiliki wapya wakaanza kusema wazi kwamba wanataka taa. Wakaazi walijibu kwa kuunda chama cha kutetea besiboli ya mchana, wakakiita kwa maneno ambayo herufi zake za mwanzo zilisomeka CUBS, jina la klabu yenyewe. Chama hicho hakikuishia kwenye mabango. Mwaka 1982 Bunge la jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kelele iliyouhusu uwanja huo, na mwaka 1983 Baraza la Jiji likaongeza sheria ndogo yake. Ilikataza michezo kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi katika uwanja wa wazi wenye viti zaidi ya 15,000, ikiwa ndani ya futi 500 kutoka hapo kuna makazi 100 au zaidi. Uwanja haukutajwa kwa jina, lakini kila mtu alijua ni upi uliokusudiwa. Klabu ilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 ikashindwa, kwanza mbele ya Jaji Richard Curry, kisha katika Mahakama ya Juu ya Illinois.

Wanaosimulia habari hizi hutofautiana kuhusu nia ya wakaazi. Wapo wanaosema kwamba walikuwa watu wenye uwezo waliolinda thamani ya nyumba zao, na kwamba aliyehamia jirani na uwanja hana haki ya kuulalamikia. Wengine husema kwamba kelele, ulevi na takataka ndivyo vilivyowachosha. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hazielezi kwa nini mtaa uliovumilia mechi za mchana kwa karibu miaka 70 uligoma mara tu usiku ulipotajwa. Saa za mchezo zinaeleza. Mechi ya usiku huanza kama saa 1, na mashabiki huanza kuegesha saa mbili kabla, muda ule ule ambao mwenyeji anarudi kutoka kazini. Zamu ya zamani inavunjika. Anayeishi hapo huzunguka mtaa mara nyingi akitafuta nafasi, na kila gari linalozunguka hivyo huongeza foleni ya wote.

Wakati huo huo klabu ilipata nguvu mpya. Mwaka 1984 Cubs waliongoza kundi lao, na kwa mara ya kwanza watazamaji wa msimu wakapita milioni 2. Televisheni ilitaka mechi za mwisho wa msimu zichezwe usiku, saa ambazo watu wengi wako nyumbani, na wakuu wa ligi wakaonya kwamba bila taa Cubs wangelazimika kucheza mechi hizo katika mji mwingine. Jiji sasa lilikabiliwa na hasara mbili: kuchosha mtaa kwa mechi za usiku, au kupoteza mechi kubwa na pengine klabu yenyewe. Meya Harold Washington aliunga mkono suluhisho la kati kabla ya kufariki dunia Novemba 1987, na tarehe 25 Februari 1988 Baraza la Jiji likalipitisha kwa kura 29 dhidi ya 19.

Makubaliano hayo yaliruhusu mechi 8 za usiku mwaka huo na 18 kila msimu uliofuata, hadi mwaka 2002. Uuzaji wa bia uwanjani ulipaswa kukoma mapema usiku. Mechi ya kwanza chini ya taa ilianza tarehe 8 Agosti 1988 dhidi ya Philadelphia, ikakatizwa na mvua. Ya kwanza kukamilika ilikuwa ya siku iliyofuata, Cubs walipoifunga New York Mets 6 kwa 4.

Pamoja na idadi hiyo ya mechi ulikuja mpango wa maegesho. Barabara za makazi zilizo karibu na uwanja ziliwekwa katika eneo la vibali lililopewa alama LV2. Siku ya mechi ya usiku, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuegeshwa hapo, na likikutwa huvutwa na kuondolewa. Mkaazi huonyesha kibali chake, na mgeni wake hutumia pasi ya mgeni. Ugumu wa adhabu hiyo una maana yake, kwa kuwa aliye tayari kununua tiketi ya bei kubwa huweza kuichukulia faini kama ada ya kuegesha, lakini hapendi kutoka uwanjani na kukuta gari halipo.

Kibali peke yake huwaondoa watu barabarani, lakini hakiwaonyeshi pa kwenda. Hilo lilifanywa na usafiri. Treni za kituo cha Addison ziliendelea kubeba mashabiki wengi, na katika mechi za usiku za siku za kazi baadhi ya treni za mwendo wa haraka zilipangiwa kusimama Sheridan, kituo kinachofuata upande wa kaskazini. Klabu iliandaa maegesho ya mbali, magharibi mwa uwanja, na mabasi ya kuwaleta na kuwarudisha watu. Baadaye huduma hiyo ikawa ya bure, na pakawekwa pia mahali pa kulindia baiskeli. Je, ni vibali au ni treni vilivyouokoa mtaa? Treni ilikuwapo tangu mwanzo, na bado wakaazi walikuwa na hofu. Vibali bila treni vingehamisha magari kutoka barabara moja hadi nyingine. Kilichofaa ni vyote viwili kwa pamoja, vikisaidiwa na ukomo wa mechi uliomwezesha mkaazi kujua mapema ni jioni zipi zitakuwa ngumu.

Mpango huo una mapungufu yake. Kila eneo la vibali husukuma baadhi ya magari hadi nje ya mpaka wake, na wakaazi wa mtaa unaofuata hudai vibali nao. Wenye maduka na migahawa hupoteza wateja wanaofika kwa gari. Na mpangaji asiye na gari hapati faida ileile anayopata jirani yake mwenye magari mawili.

Ukomo wenyewe haukubaki palepale. Mwaka 2004 uliruhusiwa kupanda hatua kwa hatua hadi mechi 30, na mwaka 2013, chini ya wamiliki wapya wa familia ya Ricketts, mazungumzo yaliyomhusisha diwani wa eneo hilo, Tom Tunney, yaliufikisha 40. Mwaka 2016 Cubs walitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1908, na fainali zilirudi Wrigley Field baada ya miaka 71. Umati ulizidi kwa mbali viti takribani 41,000 vya uwanja, na polisi wakafunga barabara za jirani kwa magari. Kibali cha kawaida hakikuundwa kwa siku kama hizo. Kwa siku hizo uliandaliwa mpango maalumu.

Katika kila hatua ya ongezeko hilo, klabu ililazimika kwenda kwa Baraza la Jiji na kuomba, na kila mara maegesho, usalama na usafi vilikuwa mezani. Uwezo wa wakaazi wa kuilazimisha hivyo haukutokana na huruma ya klabu. Ulitokana na sheria za 1982 na 1983, ambazo wengi waliziona kuwa ukaidi wa majirani wachache. Kwa sababu walikuwa na uwezo wa kukataa, walipokubali walikubali kwa masharti yaliyoandikwa, yenye idadi, saa na adhabu. Mtaa unaosubiri siku ya fainali ndipo uombe nafasi mbele ya mlango wake huwa umechelewa. Lake View walidai yao miaka sita kabla taa hazijawashwa, na ndiyo maana waliipata.