Usimcheke Mwalimu wa UPE

Kijiweni mtu akikosea hesabu ya chenji, hukosi kusikia: "Huyu kafundishwa na UPE!" Kicheko. Wengine wameshaipa tafsiri yake kabisa: Ualimu Pasipo Elimu. Nami nilikuwa nacheka, tena kwa sauti. Nilikuwa nimetoka Nemba, Biharamulo, nimeingia Mwanza, sitaki kuonekana wa kuja. Niliacha kucheka siku nilipopiga hesabu ya umri wa mama yangu. Ndugu msomaji, tuipige pamoja.

Mwaka 1969, katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, serikali ilijiwekea lengo kwamba watoto wote wa Tanzania wawe wanapata elimu ya msingi ifikapo 1989. Miaka 20 ya kufundisha walimu, kujenga madarasa na kuchapa vitabu. Halafu Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma. Ikaazimia kuwa kazi hiyo iishe ifikapo Novemba 1977. Miaka 12 ikafyekwa kwa kikao kimoja.

Na ulikuwa wakati gani? Bei ya mafuta imepanda tangu mwishoni mwa 1973, ukame umepiga, nchi inaagiza nafaka kutoka nje. Mhasibu yeyote angesema subirini. Lakini shule haikuwa suala la uhasibu. Wananchi walikuwa wanahamishiwa katika vijiji, na ahadi waliyopewa ilikuwa shule, zahanati na maji. Karo ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Rais mwenyewe alikuwa mwalimu, na tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alishasema kuwa shule ya msingi isiwe ngazi ya wachache kwenda sekondari, bali elimu kamili ya mtu atakayeishi kijijini. Sasa angemwambiaje mkulima kwamba mwanao angoje miaka 15?

Kuna na upande mwingine, ambao wazee wetu huusema kwa sauti ya chini. Chama kilikuwa kimoja, na mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi kwamba ndicho chenye kauli ya mwisho. Mtaalamu aliyeona tarehe haiwezekani angesema wapi? Kuipinga tarehe kulifanana na kusema watoto wa maskini wasisome. Hivyo mjadala ukahama. Watu hawakuuliza tena kama inawezekana, waliuliza wilaya ipi itamaliza kwanza.

Lakini tusidanganyane kwamba wananchi waliburutwa tu. Sisi wa Biharamulo na Ngara tulikuwa na kinyongo cha siku nyingi. Shule nyingi za misheni zilijengwa Bukoba, huku kwetu zikaja za kuhesabu. Kwa hiyo tarehe ya Musoma ilipofika, wengi waliipokea kama deni linalolipwa. Walikata miti, wakakanda udongo, wakaezeka nyasi. Wapo pia waliokunja uso: nani atachunga mbuzi? Binti akikaa shule hadi akomae, ataolewa na nani? Hao walijibiwa na Sheria ya Elimu ya 1978, iliyofanya shule kuwa lazima. Mzazi aliyemficha mtoto aliweza kushtakiwa.

Madarasa ya udongo hujengwa kwa msaragambo. Mwalimu je? Vilihitajika vichwa kama 40,000, na vyuo havikuwa na ubavu huo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha watoto huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, chini ya mratibu elimu wa kata, na mwishoni wakapelekwa chuoni kwa wiki chache. Hao ndio UPE wetu.

Mmoja wao alipangiwa kwetu akiwa na miaka 17. Sasa amestaafu. Nilipokwenda kumwamkia, aliniambia: "Mwanangu, tulikuwa watoto tunaofundisha watoto. Tulidhani msaada unakuja nyuma yetu."

Msaada haukuja. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3. Katikati hapo Idi Amin akavamia mkoa wetu mwaka 1978, vita ikala fedha, uchumi ukaanguka. Chaki zikaadimika, kitabu kimoja kikasomwa na benchi zima. Sekondari zilikuwa chache mno, na karibu wote waliomaliza darasa la saba walirudi jembeni. Mwaka 1984 michango ya kulipia shule ikarudishwa, na wazazi wakaanza kuwaondoa watoto. Ahadi ikavunjwa kimyakimya, na aliyebaki mbele ya darasa akichekwa ni yule kijana wa miaka 17.

Sasa ile hesabu. Mama alizaliwa 1967. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1977, ana miaka 10, kwa huyo huyo mwalimu. Kwa ratiba ya zamani, huenda zamu yake ingefika 1989, akiwa na miaka 22 na mtoto mgongoni. Mama anasoma. Anaandika barua kwa Kiswahili, ingawa nyumbani kwao kilisemwa Kisubi tu. Hati yake imelala, na r na l zinagombana, lakini barua inaeleweka. Nyie mnaotaka kuwa waandishi, mnadhani wasomaji wenu walitoka wapi?

Kwa hiyo siwezi kuilaani haraka ile, maana ndiyo iliyonizalia mama anayesoma. Siwezi kuisifu pia. Mimi nilianza shule 2002, mara tu baada ya karo kufutwa tena, wanafunzi nchi nzima wamefika karibu milioni 6. Darasani tulizidi 100 na wengi tulikaa chini. Mwalimu alikuwa yule yule. Alifahamu hali hiyo, alishaiona 1977.

Sasa tunayo Sera ya Elimu toleo la 2023, inayotaka elimu ya lazima iwe miaka 10. Ni jambo jema, na nimewasikia wakubwa wakizitaja tarehe. Mimi nasikiliza neno moja tu: walimu. Wangapi, watafundishwa wapi, watalipwa na nani mwaka wa tano, wapiga picha wakishaondoka?

Na siku hizi kijiweni mtu akisema "UPE" nacheka kidogo, kisha namuuliza: mama yako anajua kusoma? Nani alimfundisha?