Uyoga Chini ya Jiji: Machimbo ya Paris katika Karne ya 19

Uyoga hauna umbijani, yaani ile rangi inayoiwezesha mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, bali huchota riziki yake katika vitu vinavyooza. Kwa sababu hiyo historia ya kuuotesha ni historia ya kutafuta samadi nzuri na mahali penye joto na unyevu visivyobadilika ovyo. Nchini Ufaransa, Olivier de Serres alikwisha kueleza tuta la uyoga katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 1600, na mwaka 1707 Joseph Pitton de Tournefort, bingwa wa elimu ya mimea, aliandika jinsi samadi ya farasi inavyofanya utando mweupe wa nyuzi nyembamba ambao ndio mwili hasa wa uyoga, kwani kile kichwa kinacholiwa ni tunda lake tu. Hata hivyo, matuta ya bustanini yalibaki mateka wa majira, yakikauka wakati wa joto na kuganda wakati wa baridi.

Ufumbuzi ulipatikana chini ya ardhi. Paris ilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa chini yake yenyewe, na mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima, ambao miongoni mwao hutajwa mmoja aitwaye Chambry, walianza kupanga matuta katika mashimo yaliyoachwa. Humo joto hukaa karibu nyuzijoto 13 au 14 mwaka mzima na hewa ina unyevu mwingi, hali inayolingana na mahitaji ya uyoga wakati wa kuzaa. Nao utando, ambao hupenda joto zaidi, ulilipata katika samadi yenyewe, kwa kuwa samadi inayooza hutoa joto lake. Wengi walidhani kwamba siri ilikuwa giza, lakini uyoga huu huweza kuzaa hata penye mwanga, na fadhila kubwa ya machimbo ilikuwa ule utulivu wa hali ya hewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, na wafanyakazi wake wanastahili kukumbukwa zaidi ya wanavyokumbukwa. William Robinson, mtunza bustani mzaliwa wa Ireland aliyechapisha kitabu juu ya kilimo hiki mwaka 1870, alieleza jinsi watu walivyoshuka kwa mti mmoja uliopachikwa vijiti, kisha wakafanya kazi kwa mwanga wa taa. Utando ulipokwisha kuenea, tuta lilifunikwa kwa tabaka jembamba la udongo uliochanganywa na vumbi la mawe ya machimbo, kwa maana bila tabaka hilo, ambalo hutunza maji, uyoga huzaa kidogo sana. Hewa nayo ilihitaji njia ya kutokea, kwani utando hupumua na kutoa hewa ukaa, na hewa hiyo ikirundikana mashina hurefuka na vichwa hudumaa.

Udhaifu wa machimbo ulikuwa maradhi. Ugonjwa ulioitwa môle, unaoletwa na kuvu mwingine, uliugeuza uyoga kuwa donge lisilo na umbo, na shimo lililoambukizwa mara nyingi ilibidi liachwe. Mbegu, yaani vipande vya utando vya kupandia, iliyookotwa katika samadi kuukuu ilieneza balaa hilo, hadi wataalamu wa mimea Julien Costantin na Louis Matruchot walipofanikiwa, katika muongo wa 1890, kuotesha mbegu safi isiyo na vijidudu.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likipanuka juu ya machimbo, na baadaye magari yakawaondoa farasi waliokuwa wakiacha samadi mitaani. Wakulima wengi walihamia bonde la mto Loire, hasa Saumur, kwenye mapango ya jiwe laini lililojengea makasri ya huko. Wafaransa hadi leo huuita uyoga huo champignon de Paris, ingawa karibu wote huoteshwa mbali na Paris.