Motokaa Yenye Kichwa cha Farasi

Leo tutazungumza habari za mambo ya ajabu na ya kuchekesha yaliyobuniwa na watu tangu motokaa zilipoanza kwenda barabarani. Lakini kabla ya kuwacheka wengine hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo cha ualimu, tuliwapa wanafunzi wetu insha yenye kichwa, 'Chombo ambacho ningependa kukibuni.' Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Iramba, aliandika ya kwamba angependa kutengeneza jogoo wa bati, akae karibu na usukani wa gari kubwa, awike kila dereva azidishapo mwendo au asinziapo. Tuliisoma insha ile mbele ya darasa, tena kwa sauti ya kuigiza. Darasa zima likacheka, nasi tukacheka kuliko wote. Tukampa alama 3 katika 10, tukaandika chini kwa wino mwekundu, 'Hii ni ngano, si insha.' Mwenyewe hakucheka. Wala sisi hatukumwuliza fikira ya jogoo ilimjia kutoka wapi.

Jambo hilo limetukaa moyoni, nalo ndilo lililotufanya tuchunguze habari za wenzake waliochekwa.

Gari la kwanza lililokwenda kwa nguvu yake lenyewe lilitengenezwa Ufaransa na mwanajeshi aitwaye Nicolas-Joseph Cugnot, mwaka 1769 na 1770, ili livute mizinga. Lilikuwa na magurudumu matatu, na mbele yake palining'inia chungu kikubwa cha kuchemshia maji ili kupata mvuke. Mwendo wake ulikuwa yapata kilomita 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu aendaye gulioni bila haraka, na kila baada ya muda mfupi lilisimama kungoja maji yachemke tena. Limehifadhiwa Paris hata leo, na atakaye aweza kwenda kulitazama.

Magari ya mvuke yalipozidi katika Uingereza, Bunge la huko nalo likabuni jambo lake. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru kila gari la namna hiyo lisizidi maili 4 kwa saa mashambani, na maili 2 mjini, na mbele yake, kadiri ya yadi 60, atembee mtu mwenye bendera nyekundu ili kuwaonya wapanda farasi. Fikirini lori litokalo Manyoni kuja Singida mjini, safari ya kilomita mia na zaidi, likimfuata mtu wa miguu mwenye bendera! Lingetumia zaidi ya saa kumi na tano, na yule wa bendera angefika hana soli. Agizo la mwendo huo wa konokono liliondolewa mwaka 1896.

Walakini tusiwadharau sana waliotunga sheria ile. Farasi si kama punda wetu wa Singida, ambaye hata honi ikipigwa sikioni pake hutazama tu kama mzee aliyeulizwa swali la kijinga. Farasi ni mnyama mwoga. Akishtuka huvunja gari na kuua watu. Hofu ilikuwa ya kweli. Ndipo mwaka 1899 Bwana Uriah Smith wa Battle Creek, nchi ya Marekani, alipotoa fikira ambayo watu wameicheka miaka zaidi ya mia: motokaa ifungiwe mbele yake kichwa cha farasi cha mti, pamoja na shingo. Farasi wa kweli akiiona motokaa inakuja atadhani ni gari livutwalo na mwenzake, na kabla hajatambua kwamba amedanganywa, motokaa itakuwa imekwisha kupita. Tena shingo ile iwe na uwazi ndani, ili iwekwe mafuta ya injini. Hapa twawaomba mtulie kidogo mkaitafakari hali ya farasi yule wa mti aliyejaa petroli shingoni.

Basi, Bwana Smith alikuwa nani? Hakuwa mpumbavu hata kidogo. Alikuwa mhariri wa gazeti la Kanisa la Waadventista Wasabato, naye alikatwa mguu mmoja akali mtoto. Miguu ya mti ya siku zile ilikuwa mizito tena haikunjiki, kwa hiyo akajitengenezea mguu wenye kifundo kinachojongea, na mwaka 1863 akapewa hataza yake, yaani hati ya Serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu. Kisha akabuni dawati la shule lenye kiti kinachokunjika, ili mwanafunzi aweze kusimama pasipo kujigonga. Sisi tunaofundisha twamshukuru kwa hilo. Ni mtu mmoja, mwenye akili moja; mguu ukafaa, dawati likafaa, kichwa cha farasi kikawa kichekesho. Kwa maoni yetu tofauti ni hii: mguu aliuvaa mwenyewe, na ubao wa dawati aliwahi kuukalia, lakini mawazo ya farasi aliyakisia tu. Farasi hakuulizwa.

Mfano wa pili wathibitisha maoni hayo. Bibi Mary Anderson wa Alabama alikwenda New York wakati wa baridi kali, akapanda tramu. Theluji na mvua vilikuwa vinaanguka, na dereva, kwa kuwa hakuona mbele, alilazimika kufungua kioo na kupigwa na baridi usoni. Abiria wengine waliona vivyo hivyo kila siku wakajifunika makoti yao. Bibi huyu alirudi kwao akachora mkono wenye ukingo wa mpira, upanguse kioo kwa nje, nao uongozwe na dereva kwa ndani kwa kishikio. Alipata hataza yake mwaka 1903. Mwaka 1905 alijaribu kuiuza kwa watu fulani wa Kanada, wakamjibu ya kwamba haina thamani ya fedha. Hata mwaka 1920 muda wa hati ulipokwisha, hakuwa amepata faida yoyote. Leo mafundi wetu huiita waipa, na yeyote aliyepata kusafiri katika mvua ya Machi, tope likirushwa na lori la mbele, ajua thamani yake bila kuambiwa.

Stata nayo ilikataliwa na wenye elimu kabla haijajaribiwa. Zamani injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mbele, na hendeli ile iliweza kurudi nyuma ghafla ikamvunja mtu mkono. Wazee husema kwamba neno letu 'taniboi' lilitoka katika Kiingereza, kwa maana ya kijana wa kuzungusha, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mmarekani Charles Kettering aliposema umeme ungeweza kufanya kazi ile, mafundi wakubwa walimjibu kwamba mota ya kutosha ingekuwa kubwa kama injini yenyewe. Walihesabu sawasawa, ila walisahau jambo moja. Kettering alikuwa amekwisha kutengeneza mota ya mashine za kuhesabia fedha madukani, akajua ya kuwa mota ndogo yaweza kubebeshwa kazi kubwa kupita kiasi, maadamu ni kwa nukta chache tu. Ndivyo afanyavyo mpagazi anyanyuapo gunia la alizeti kulitia begani. Asingeweza kulishika juu hivyo mchana kutwa. Mwaka 1911 stata yake ikawasha injini, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zikaitumia.

Taniboi alipoachiwa hendeli hakukosa kazi. Pale Sekenke, njia ipandapo mlima kati ya Nzega na Singida, lori zito likianza kuzimika au kurudi nyuma, yeye huruka chini na kabari ya mti na kuisukuma nyuma ya gurudumu. Kabari ile haina hataza, wala jina la aliyeibuni halikuandikwa popote.

Viko na vitu vilivyobuniwa kwa majivuno matupu, navyo vyastahili kichekwe bila huruma. Bwana R. N. Matthewson, aliyekaa Calcutta katika India, aliagiza kwa mafundi wa Uingereza motokaa yenye umbo la bata maji mwenye shingo ndefu, ikafika mwaka 1910. Mdomo wake ulitoa maji ya moto na mvuke ili kuwatawanya watu njiani. Macho yake yaliwaka usiku. Na kwa nyuma, msitukasirikie, iliangusha chokaa nyeupe ili bata afanane na bata kweli kweli. Ilizusha ghasia kubwa mjini, hata polisi wakaingilia. Mwaka 1911 Milton Reeves wa Marekani alionyesha motokaa ya watu wanne yenye magurudumu manane, akapata vicheko na hakupata wanunuzi. Ila huyu tungemsamehe nusu: simameni saa moja kando ya barabara pale Manyoni, mhesabu magurudumu ya malori yaendayo Rwanda na Kongo. Marcel Leyat, Mfaransa, naye baada ya vita ya kwanza alitengeneza motokaa zipatazo 30 zenye pangaboi kubwa mbele, kama eropleni isiyo na mabawa. Zilikwenda mbio sana. Kitu cha namna hiyo kikipita mnadani kwetu Singida, katikati ya matenga ya kuku, twadhani mwenye nacho angekaa barazani pa hakimu mwezi mzima.

Sasa tugeukie nchi yetu. Motokaa ya kwanza kuvuka Afrika upande kwa upande ilianzia hapa. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909, siku 630. Mtu wa miguu asiye na mzigo angalimtangulia.

Vita ilipokuja mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na petroli ikaadimika. Wajerumani wakatengeneza mafuta ya motokaa kutokana na nazi, wakayaita 'trebol'. Kama mwanafunzi wetu angaliandika insha ya motokaa inywayo nazi, twajua alama ambayo tungalimpa. Na kumbe zilikwenda. Tena hata hapo si mara ya kwanza. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 ilionyeshwa injini ya namna ile aliyoibuni Rudolf Diesel, ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ilifanya kazi vizuri hata ni wachache tu waliotambua.

Tukiisha kutaja karanga, hatuwezi kuipita Kongwa, jirani zetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango wa kulima karanga, ikinuia ekari zaidi ya milioni 3 pamoja na mashamba ya Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita ya pili, basi vifaru vya vita aina ya Sherman vikaondolewa mizinga vikageuzwa matrekta. Vikavunjikavunjika. Mibuyu haikuogopa kifaru, na nyuki waliokaa ndani ya mibuyu wakawatimua madereva. Ndipo watu wa Kongwa walipowaza kuchukua mnyororo wa nanga ya meli, kuufunga kati ya matrekta mawili na kuuburura ili kuangusha pori. Wakaandika London kuuagiza. Wakubwa wa London walipoona agizo la mnyororo wa meli kwa mahali pasipo na bahari walidhani ni mzaha, wakalifuta. Lakini katika mambo yote ya Kongwa, mnyororo ndio uliokuwa na akili! Udongo wa huko ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mvua haitegemewi. Jambo hilo Wagogo walilijua tangu mababu zao, na ushauri wao haukutafutwa. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na hasara ilipita pauni milioni 35. Walicheka mnyororo wa shilingi chache, vifaru hawakuvicheka.

Na yule jogoo wa bati? Tulipanda basi kutoka Singida kwenda Dodoma. Tulipokwisha kuipita Ikungi barabara ikanyoka, dereva akaongeza mwendo, na mara kitu kikaanza kulia karibu na usukani, tii, tii, tii, bila kukoma. Akapunguza, kikanyamaza. Tukamwuliza utingo, akatuambia kwamba mabasi ya safari ndefu yamefungwa chombo kinachopeleka habari za mwendo wake kwa wenye mamlaka, na dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa hupiga kelele. Hakuna abiria aliyecheka. Bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema tu, 'Afadhali.'

Tulimwandikia barua mwanafunzi yule, ambaye sasa ni mwalimu, tukamwomba radhi. Akajibu kwa adabu. Mjomba wake alikuwa utingo wa lori. Usiku mmoja dereva alisinzia katika mteremko wa Sekenke, na mjomba hakurudi. Lori lile lilikuwa likiondoka kijijini kwao alfajiri, jogoo wa kwanza awikapo. Ndiyo sababu ya jogoo. Daftari analo bado. Mwishoni akauliza kama alama zaweza kuongezwa. Tumempa 8. Mbili tumezizuia, kwa kuwa chombo cha basi chajua mwendo tu, naye hata sasa hajaeleza jogoo wake atatambuaje kwamba dereva amesinzia.