Duma, orkestra ya giza ya Nairobi: walianza namna gani, na nani anashika wimbo wao

Mtu akisema "metali" huku Panda, watu wanafikiri kwanza ateliers centraux za Gécamines, chuma chenye kuchemka na kelele za mashine. Lakini kuko pia muziki wenye jina hilo, na ulizaliwa karibu na mashine za namna ile ile. Makala hii inaeleza historia ya orkestra moja ya Afrika ya Mashariki iliyopiga aina kali kabisa ya muziki huo: Duma, ya Nairobi, Kenya.

Metali kali ni muziki gani?

Metali ilianza Uingereza katika mji wa Birmingham, mji wa viwanda sawa Likasi. Orkestra Black Sabbath ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 1970. Mpiga gitare wao, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akaweka nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza. Sauti ikawa nzito, na vijana wengi wakaifuata.

Kutoka pale muziki ulizidi kuwa mkali. Napalm Death, nao wa eneo la Birmingham, walitoa albamu "Scum" mwaka wa 1987. Ndani kuko wimbo wa sekunde moja tu na kidogo. Katika metali kali batri inapigwa mbio sana, gitare inakwaruza, na mwimbaji ananguruma kutoka kooni. Maneno ni ya kifo, vita na hasira. Njo maana wazazi na wachungaji wengi wanauita muziki wa shetani, na redio nyingi haziupigi. Unaishi chini kwa chini: wapigaji ni wachache, feza ni kidogo, na watu wake wanajuana.

Vijana wawili, bila mpiga batri

Duma ilianza Nairobi mwaka wa 2019. Walikuwa wawili tu: Martin Khanja, mwenye kuimba na kujulikana pia kwa jina Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mwenye gitare na kazi ya ordinatere. Walitoka katika orkestra za metali za mji ule, kama Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura.

Jina lao linaweza kupoteza msomaji. Kwa Kiswahili duma ni mnyama wa mbio, ndugu ya chui. Wao walilitoa katika Kikikuyu, lugha ya watu wa katikati ya Kenya, na maana yake ni giza.

Hawakuwa na mpiga batri. Ngoma zao zilitoka ndani ya mashine, na mbio zake hakuna mkono wa mtu wenye kuzifikia. Juu yake wakaweka gitare yenye kukwaruza, kelele za ordinatere na sauti ya Khanja yenye kupasua masikio. Kwa mtu mwenye kusikia mara ya kwanza, inafanana na usiku wa kiwanda kuliko na wimbo.

Kampala, si Ulaya

Wakati ule ule wa 2019 walirekodi albamu yao kwenye studio ya Nyege Nyege, Kampala, Uganda. Kwa Kiswahili neno hilo ni la aibu, lakini kwa Kiganda ni hamu ya kucheza yenye kumshika mtu asiweze kukaa. Watu hao njo wanafanya pia tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka wa 2015, pembeni ya mto Nile. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulizuia, akisema linaharibu tabia. Mwishoni lilifanyika.

Albamu, yenye jina lile lile "Duma", ilitoka mwezi wa nane mwaka wa 2020, wakati korona ilikuwa imefunga mipaka na kumbi. Hata hivyo ilisikika mbali, na kisha wakaitwa kupiga Ulaya. Kumbe vijana wawili wa Nairobi walipata mlango kwa majirani zao, kabla ya kuvuka bahari.

Jadotville, 1952

Wazee wa Likasi wanajua njia nyingine. Mwaka wa 1952, wakati mji uliitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alitoka Afrika ya Kusini na mashine yake ya kurekodi. Hapa akamkuta Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, na gitare moja. Wimbo "Masanga" ukatoka kwenye sahani za Gallotone za Afrika ya Kusini, na wapiga gitare wa nchi mingi wakajifunza kwake.

Mwenda na Duma hawafanani kwa sauti. Wanakutana katika jambo moja: wote walikuwa na vyombo vichache. Tofauti ni fasi rekodi ilikwenda. Ya Mwenda ilisafiri kusini na mgeni. Ya Duma ilifanyika kwa majirani.

Hatua ya tatu: Haekalu

Baada ya Duma, Khanja aliendelea peke yake kwa jina la Lord Spikeheart. Mwezi wa nne mwaka wa 2024 alitoa albamu "The Adept" kupitia nyumba yake mwenyewe ya muziki, Haekalu. Kazi hiyo aliitoa kwa heshima ya mama wa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha marshali kati ya wapiganaji wa Mau Mau waliopinga Waingereza tangu miaka ya 1950. Mama huyo alifuga nywele za msituni miaka karibu 70, akakubali zikatwe mwaka wa 2022, na akafariki mwaka wa 2023.

Hapo msikilizaji anaelewa kwamba hasira ya muziki huu haikutoka Birmingham tu. Mjukuu alikuwa na vita vya nyumbani kwao vya kukumbuka.

Kwa vijana wa Likasi

Unaweza kuupenda muziki huu au kuzima redio. Lakini njia yake inamhusu pia mwenye kupiga rumba, rap au nyimbo za kanisa. Kabla ya kuingia studio, uliza mambo matatu: rekodi yenyewe itabaki kwa nani, nani ataandikwa kuwa mtunzi, na feza zitagawanywa namna gani. Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kila mtu atie sahihi. Huku kwetu RDC, haki za watunzi zinasimamiwa na SOCODA. Kelele inaisha usiku ule ule; karatasi inabaki.