Kamera na akili mnemba zinavyosaka droni viwanja vya ndege

JIONI ya Desemba 19, 2018, uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, ulifungwa baada ya taarifa kwamba ndege ndogo isiyo na rubani, yaani droni, imeonekana karibu na njia ya kurukia. Hadi huduma ziliporejea Desemba 21, safari zipatazo 1,000 zilikuwa zimeathirika pamoja na abiria wapatao 140,000.

Watu wawili waliokamatwa waliachiwa bila kushitakiwa, na mwaka 2020 polisi wa Sussex walifunga uchunguzi bila kumpata mhusika. Ushahidi ulitegemea zaidi maelezo ya walioona kwa macho, hali iliyodhihirisha umuhimu wa mitambo inayoweza kuona na kuhifadhi kumbukumbu.

Rada za kawaida za kuongozea ndege hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Droni ni ndogo, huruka chini na taratibu, na mara nyingi rada huichuja pamoja na ndege wa angani. Hapo ndipo kamera zinazoongozwa na akili mnemba zinapohitajika.

Programu ya mfumo huo hufundishwa kwa maelfu ya picha za droni, ndege wa angani, helikopta na mawingu, hadi itambue tofauti zao. Aidha, hufuatilia mwendo kutoka picha moja hadi nyingine, kwa kuwa ndege wa angani hupiga mabawa wakati droni huweza kusimama angani au kugeuka ghafla. Ugumu wa kutofautisha viwili hivyo ulisababisha watafiti kuanzisha shindano maalumu mwaka 2017, mjini Lecce, Italia.

Umbali ni kikwazo kingine. Kamera yenye nukta 1,920 kwa upana, inayotazama pembe ya nyuzi 60, huiona droni ya sentimita 30 iliyo umbali wa mita 500 kama nukta moja tu. Pembe ikibanwa hadi nyuzi 3, droni hiyo hupata nukta zipatazo 22, lakini eneo linalotazamwa hupungua mno. Kwa sababu hiyo, kamera ya kwanza hutazama anga pana, na ya pili huelekezwa penye shaka na kuvuta picha karibu.

Ukungu na mvua huzifumba kamera. Usiku hutumika kamera za joto, ambazo huona joto la injini na betri. Kutokana na upungufu huo, kamera huunganishwa na rada maalumu pamoja na vipokezi vinavyonasa mawimbi ya redio kati ya droni na mwongozaji wake.

Hata hivyo, vipokezi hivyo havifui dafu kwa droni zinazoongozwa kwa waya mwembamba wa nyuzi za kioo, ambazo zimetumika katika vita vya Ukraine. Droni hizo hazitoi mawimbi ya kunaswa, hivyo macho ya kamera huwa na thamani zaidi.

Septemba 22, 2025, uwanja wa Copenhagen, Denmark, ulisimamisha safari kwa takriban saa nne kwa sababu ya droni. Tahadhari ya uongo hukwamisha maelfu ya abiria, na droni isiyotambuliwa huweza kugonga ndege iliyojaa watu. Ndiyo maana kazi ya mashine ni kutoa tahadhari na picha, huku uamuzi wa kufunga uwanja ukibaki mikononi mwa binadamu.